Mpira Uliolainika Asubuhi

Wiki mbili zilizopita niliingia katika duka la vifaa vya michezo mjini Kakamega kumnunulia binti yangu viatu vya mazoezi. Mipira mipya ilikuwa imening'inizwa mlangoni ndani ya wavu, na kabla macho hayajaiona, pua ilikuwa tayari imeitambua: harufu ya ngozi changa, raba na gundi. Mkono wangu ulijinyanyua wenyewe. Nilijikuta nikibonyeza mpira mmoja kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kosa. Kijana aliyekuwa akiuza alicheka.

"Usiogope, mathe. Hiyo haina pancha."

Nilitoka dukani bila viatu. Nilikaa ndani ya gari nikiwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kuliwasha, na kijana wa watu hakuwa na kosa lolote. Hasira ile ina umri kumshinda. Nimekuwa nayo tangu nikiwa darasa la nane, na kwa miaka mingi nimeilea kama mtu anayelea deni la heshima, nikiielekeza kwa wengine. Leo nataka kuiandika yote, pamoja na sehemu inayonielekea mimi.

Shule yetu ya msingi ilikuwa juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka Iguhu. Dada yangu Khasandi ananizidi kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, lakini tulikuwa darasa moja kwa sababu yeye alirudia darasa la sita, mwaka ambao mama alilazwa hospitalini na akahitajika mtu wa kumlea kitinda mimba wetu. Baba alikuwa akifanya kazi mbali, na hakuna aliyeuliza kwa nini mtu huyo awe Khasandi. Kwa hiyo hata bahati ya kukaa naye dawati moja niliipata kutokana na kitu alichokuwa amekipoteza yeye.

Shule ilikuwa na mpira mmoja tu wa ngozi. Kwa kuwa wezi walikuwa wamevunja ofisi wakati wa likizo, mwalimu mkuu aliamua kwamba mpira utalala nyumbani kwa mwanafunzi mwaminifu kuliko wote. Kila alasiri mtunzaji alikabidhiwa mpira mbele ya walimu, na kila asubuhi aliurudisha paredini. Hapo mwalimu wa sayansi, ambaye pia alisimamia michezo, aliuinua juu ili shule nzima iuone, kisha akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kisipozama, tulipiga makofi matatu ya pamoja. Sijawahi kusikia shule nyingine iliyokuwa na ibada kama hiyo. Kwetu sisi kidole kile kilikuwa mahakama, na hakuna aliyewahi kushtakiwa.

Mwaka huo kanisa lilikuwa limeahidi kumsomesha msichana mmoja wa shule yetu katika sekondari ya bweni, miaka yote minne. Alama zilihitajika, lakini kilichosubiriwa zaidi ni barua ya mwalimu mkuu kuhusu tabia ya msichana huyo. Mtunzaji wa mpira alikuwa Khasandi. Alikuwa akishindana nami kwa alama, mara mimi mbele kwa alama moja, mara yeye mbele kwa tatu, lakini uaminifu wake haukuwa na mshindani. Kila mtu alijua barua ile ingebeba jina la nani. Mama alikuwa ameanza kumtafutia sanduku la chuma.

Juma hilohilo, Jumatatu, tulifundishwa jinsi joto linavyobadilisha ujazo wa gesi. Sikumbuki masomo mengi ya utotoni kwa uwazi wa namna hiyo. Mwalimu alileta chupa tupu ya soda, akavisha mdomo wake puto jekundu, au baluni kama sisi tulivyoliita, lililolegea kando kama sikio la mbwa aliyelala. Kisha akaisimamisha chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyoletwa kutoka jikoni kwa walimu. Puto lilitikisika. Likainuka polepole, likasimama wima, likawa duara. Darasa zima lilisema "Aaah!" kwa sauti moja, na mvulana mmoja wa nyuma akauliza kama ndani kuna jini.

"Nani ameongeza hewa?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna!"

"Nani amepuliza?"

"Hakuna, mwalimu!"

Akaihamishia chupa kwenye beseni la maji baridi ya chemchemi. Puto likanywea, likalala tena.

"Na sasa nani ametoa hewa?"

"Hakuna, mwalimu!"

Alitueleza vizuri, na hilo ni lazima nilikiri ingawa linaniuma kulikiri. Alisema hewa ni chembe ndogo mno zisizotulia. Zikipata joto huenda mbio, hugonga kuta kwa nguvu na kutafuta nafasi kubwa zaidi. Zikipoa hupunguza mwendo na kutosheka na nafasi ndogo. Chembe ni zilezile, hakuna iliyoingia wala kutoka. Tuliandika, tukachora chupa, tukachora puto. Ijumaa, alisema, angetupa jaribio la maandishi.

Hapa ndipo palipo kosa langu la kitoto. Niliielewa kanuni ile kwa ukamilifu, lakini niliamini kwamba inakaa ndani ya chupa. Nilidhani hewa ya kitabuni ni kiumbe cha maabara, chenye heshima zake, kinachotii sheria kwa kuwa kimewekwa kwenye kioo na mwalimu. Na hewa nyingine, ile ya kwenye magurudumu ya baiskeli, ya matumbo ya ndama na ya mpira wa shule, ilikuwa hewa ya kijijini isiyosoma. Nisingeweza kulisema hivyo wakati ule. Hakuna aliyewahi kunifundisha vingine.

Alhamisi ilikuwa na jua kali, jua la kabla ya mvua, linalofanya udongo wa uwanjani uchome nyayo. Mpira ulijazwa saa saba mchana, ukachezwa hadi saa kumi, na ulipokabidhiwa kwa Khasandi ulikuwa mgumu kama jiwe na wenye moto kama mkate. Usiku ikanyesha mvua ya mawe. Sisi wa Kakamega tunaijua baridi inayofuata mvua ya namna hiyo, inayopenya chini ya mlango na kukaa sakafuni. Mpira ulilala sakafuni, chini ya kitanda chetu, ndani ya gunia. Alfajiri Khasandi aliutoa, akaona matope ya jana kwenye mishono yake, na kwa kuwa yeye ni Khasandi aliupeleka hadi kwenye chemchemi akauosha. Aliuzungusha ndani ya maji yale yanayoumiza vidole, akausugua kwa jani, akaufuta kwa sketi yake.

"Wacha hivyo, tutachelewa," nilimwambia.

"Nitaurudishaje ukiwa mchafu? Watasema tumeulaza na ng'ombe."

Paredini mwalimu aliuinua mpira, ukang'aa. Kisha kidole chake kikazama.

Hakikuzama sana. Mpira haukuwa umenywea; ulikuwa umelainika tu, kama parachichi linaloanza kuiva. Alibonyeza tena upande wa pili. Mikono yetu ilikuwa tayari hewani kwa ajili ya makofi, na ninakumbuka jinsi ilivyobaki pale bila kujua iende wapi.

"Jana niliujaza kwa mikono yangu," alisema. "Huu umechezwa. Khasandi, umeazimisha nani?"

"Sijaazimisha mtu, mwalimu."

"Vijana wa sokoni?"

"Hapana, mwalimu. Umelala kwetu."

"Umelala kwenu halafu upepo ukatembea peke yake?"

Shule ilicheka. Aliamriwa kupiga magoti chini ya mlingoti wa bendera, na mpira ukawekwa kwenye dirisha la ofisi, upande wa nje, kwenye ukingo wa saruji unaotazama mashariki, ili kila apitaye auone ushahidi. Wavulana waliokuwa wakipita walimwita Pancha. "Pancha, kuja utie baiskeli ya baba upepo!" "Pancha, umekuwanga ukiuza upepo kilo ngapi?" Jina hilo lilimfuata hadi sokoni na hadi kanisani. Nilipita pale mara mbili, na mara zote mbili nilitazama miguu yangu.

Jua lilipanda. Lilipiga ule ukingo wa saruji kwa saa nne mfululizo. Saa sita mwalimu alitoka kuuchukua mpira kwa ajili ya mazoezi, akaubonyeza, na kidole hakikuzama. Ulikuwa mgumu kama ulivyokuwa Alhamisi.

Ningependa kila mwalimu aliyewahi kushika chaki asimame hapa kidogo. Mtu huyuhuyu, siku nne kabla, alikuwa ametuuliza mara tatu nani ameongeza au kutoa hewa, nasi tukajibu mara tatu kwamba hakuna. Sasa mpira ulikuwa umeoshwa kwa maji baridi ukalainika, umeachwa juani ukakakamaa, na pampu ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake. Jaribio zima lilikuwa mkononi mwake. Lilikuwa jaribio safi kuliko lile la chupa. Naye alilitazama, akageuka, akasema kwa sauti iliyosikika hadi darasa la kwanza:

"Mnaona ujanja wake? Ameomba pampu ya baiskeli barabarani, akaurudisha upepo tukiwa darasani!"

Msichana aliyekuwa amepiga magoti mbele ya shule nzima tangu asubuhi. Hakuna aliyeuliza aliondoka saa ngapi.

Khasandi aliitwa ofisini. Baada ya muda alitolewa, akarudishwa chini ya mlingoti, shavu moja likiwa limevimba, nami nikaitwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi, mwalimu wa sayansi amesimama na fimbo yake mezani.

"Ayuma, wewe ndiwe wa kwanza kwa sayansi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi tuambie. Mpira mzima, hauna tundu. Upepo wake unaweza kupungua usiku bila mtu kuutoa?"

Nilimtazama mwalimu wa sayansi usoni. Mtoto anayependa kusifiwa hulijua jibu linalotakiwa kabla swali halijaisha. Na wakati huohuo, nakiri, puto jekundu lilinijia mbele ya macho likilala ndani ya beseni. Lilinijia waziwazi. Nikalifukuza, kwa sababu lilikuwa la Jumatatu na la chupa, na kwa sababu fimbo ilikuwa mezani.

"Hapana, mwalimu."

"Umesikia?" alimwambia mwalimu mkuu. "Hata mdogo wake."

Kwa miaka mingi nimejificha nyuma ya namna swali lile lilivyoulizwa. Kifizikia jibu langu lilikuwa sahihi: hewa haikupungua hata chembe moja. Kilichopungua ni nafasi ambayo hewa hiyo ilihitaji, na kwa kuwa ngozi ya mpira haitanuki kama puto, tofauti ilionekana zaidi kwenye ugumu wake. Nilipofika chuo kikuu na kukutana na kanuni hiyo ikiwa imevaa suti yake ya herufi na alama za hesabu, nilikaa ukumbini hadi wenzangu wote wakatoka. Nilipiga hesabu pembezoni mwa daftari: joto la mchana, baridi ya sakafu, maji ya chemchemi. Ilitosha. Ilitosha kabisa. Niliweza kuwahesabia wale watu wawili kosa lao hadi kwenye nukta.

Mama aliitwa shuleni siku hiyohiyo. Alimchapa Khasandi mbele ya walimu, kwa kuwa mzazi asiyechapa alionekana kuwa ndiye aliyemfundisha mtoto uovu huo. Kisha mwalimu mkuu akamwambia kwa upole uliomfanya mama amshukuru: "Mama, usilie. Nyumbani kwako kuna msichana mwingine." Hivyo ndivyo barua ilivyopatikana. Haikuhama hata nyumba. Ilibadilishwa jina tu. Sanduku la chuma likanunuliwa, na aliyelibeba kichwani hadi barabarani siku ya kuondoka kwangu alikuwa Khasandi. Alasiri ya Ijumaa ile, kwa njia, tulifanya jaribio la maandishi kama tulivyoahidiwa. Swali la nne liliuliza ni nini huipata gesi inapopashwa joto. Nilipata alama zote. Khasandi hakuruhusiwa kuingia darasani.

Mwalimu yule hakuwa mjinga. Alifundisha kile alichokuwa hakiamini, na hapo ndipo hasira yangu inapokataa kupoa. Kwake yeye, kama kwangu, sayansi ilikuwa kitu cha kuulizwa kwenye mtihani na kujibiwa, kisha mtu anatoka nje na kuishi kwa kidole gumba na uvumi. Tumejenga shule nyingi juu ya msingi huo. Tunawafundisha watoto kwamba elimu ni kweli, halafu siku ile mtoto mmoja anapohitaji iwe kweli ili imwokoe, tunamuuliza ameazimisha nani.

Siku ile ya duka la mipira nilipofanikiwa kuwasha gari, nilienda moja kwa moja kwa Khasandi. Ana karakana ya ushonaji karibu na soko, mafundi wanne chini yake, na foleni ya wazazi kila Januari. Simhurumii na hataki kuhurumiwa. Alikuwa akipima kola, pini mdomoni. Niliketi kwenye marobota ya vitambaa nikamweleza yote, joto, baridi, chemchemi, ukingo wa dirisha, kwa bidii ya mtu aliyeleta habari.

Alizitoa pini moja moja.

"Ayuma, hayo si ulifunzwa Jumatatu? Mimi pia nilikuwa darasani."

"Ulijua?"

"Nilijua nikiwa nimepiga magoti pale. Nilikuwa naangalia ule mpira kwa dirisha. Si nilikuwa na wakati?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Waliponiita ofisini nikamwambia, mwalimu, ni kama ile baluni yako. Jana jua, asubuhi maji baridi, saa hii jua tena. Akanizaba kofi. Akasema, unanifunza sayansi?"

Katika darasa zima la watoto hamsini na kitu, mmoja tu ndiye aliyelitoa somo ndani ya chupa. Alipigwa kwa ajili hiyo.

"Nikamwambia, basi uliza Ayuma, yeye ni wa kwanza. Atakuambia." Aliirudia kola yake, akailaza sawa kwenye meza. "Nilikuwa naangalia mlango wa darasa. Wakakuita, nikaona ukienda. Nikasema, afadhali. Halafu ukatoka na hakuna kitu ikabadilika. Nikajiambia labda hawakukuuliza hiyo. Labda walikuuliza mambo ingine."

Cherehani za mafundi ziliendelea kulia. Ningeweza kunyamaza, na angeendelea kuniamini.

"Waliniuliza hiyo hiyo," nilisema. "Nikasema hapana."

Hakuniangalia. Alimaliza kupima kola, akaandika kipimo kwa chaki. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama mpaka leo anadhani niliazimisha ule mpira."

"Najua."

"Utaenda umwambie. Si mimi. Nikisema mimi ni kujitetea. Wewe ndiwe uko na digrii."

Tulienda Jumapili. Mama sasa ni mzee, macho yake ni hafifu lakini masikio ni mazima. Alikuwa ameketi kando ya meko, obusuma, ugali wetu, ikisubiri kugeuzwa. Nilianza kwa utaratibu, kama ninavyojua kufanya. Nilimweleza kuhusu chembe za hewa, jinsi zinavyokimbia kwenye joto na kutulia kwenye baridi, na kwamba mpira unaweza kulainika bila mtu yeyote kuugusa.

"Hilo nalijua," alinikatiza. "Baba yenu alikuwa na baiskeli. Mchana ukiiacha juani tairi inaweza kupasuka, asubuhi iko laini. Kila mtu anajua hiyo."

"Sasa kwa nini, mama..."

"Mwalimu alikuwa amesema. Ningejuaje kuliko mwalimu?"

Khasandi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia mama kwamba niliulizwa, na nikamwambia jibu langu.

"Wewe ulipoulizwa, ulijua?"

"Nilikuwa mtoto, mama, na kulikuwa na..."

"Ayuma. Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Mama alipapasa hewani upande wa mlango hadi Khasandi akasogea na kumpa mkono. Aliushika mkono huo kwa mikono yake yote miwili, akaukandamiza magotini.

"Nilikuchapa," alimwambia.

"Ulinichapa, mama."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Kisha mama akageuza uso upande wangu, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akiitumia kwangu, mimi niliyepewa barua, sanduku na safari, akasema, "Wewe toka nje kwanza."

Nilitoka. Nilisimama uani na kuku, mlango ukafungwa nyuma yangu. Walizungumza hadi moshi ukaacha kutoka jikoni. Yale waliyosemezana sikuambiwa, na bado sijauliza.